Windows Ipi, kwa Mashine Ipi: Kununua Kompyuta Mpakato Mbulu na Hanang

Tarehe 14 Oktoba 2025, Tanzania ikiadhimisha miaka 26 tangu kifo cha Mwalimu Nyerere, kampuni ya Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Hakuna kompyuta iliyozimika siku hiyo. Mwalimu wa Dongobesh aliyewasha mashine yake kesho yake alikuta mafaili yake yote mahali pake, na karani wa Katesh aliendelea kuchapa barua kama kawaida. Kwa sababu hiyo jambo hili limepita kimya katika wilaya hizi mbili, na kwa sababu hiyo linafaa kuandikwa. Kuanzia siku hiyo, tundu lolote linalogunduliwa ndani ya Windows 10 hubaki wazi kwa kila asiyejiandikisha katika mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama, na mpango huo wenyewe, kwa watumiaji wa nyumbani, mwisho wake ni 13 Oktoba 2026.

Swali linalosikika zaidi Mbulu mjini, Haydom na Katesh ni hili: niweke Windows 10 au 11? Ni swali zuri, ila huulizwa likiwa limechelewa. Likiulizwa mezani kwa fundi, baada ya fedha kutoka mfukoni, jibu lake limeshafungwa ndani ya mashine. Ninachoshikilia ni kwamba toleo la mfumo endeshi huchaguliwa dukani, kabla ya kulipa, na mnunuzi anayejua kusoma mambo matatu, yaani prosesa, leseni na tarehe ya mwisho wa huduma, hawezi kuuziwa mzigo.

Kompyuta nyingi zinazoitwa mpya huku kwetu ni mpya kwa mnunuzi tu. Zimetumika miaka kadhaa katika ofisi za Ulaya, Marekani au Ghuba, zikauzwa kwa jumla, zikaingia Kariakoo, kisha zikapanda hadi Arusha na Babati. Sizidharau hata kidogo. HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad za namna hii zimeundwa kuhimili kazi, na mara nyingi zinaishinda kompyuta ya bei rahisi iliyotoka kiwandani mwaka huu. Shida ni kwamba muuzaji huzitangaza kwa lugha ya i5 na i7, na lugha hiyo haisemi umri.

Umri umeandikwa kwenye namba. Mwambie muuzaji awashe mashine na afungue ukurasa wa taarifa za mfumo. Ukisoma Intel Core i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: hiyo ni ya 6. Ukisoma i5-8350U, ni kizazi cha 8. Namba ikiwa na tarakimu tano, kama i5-10310U, soma mbili za mwanzo: ni kizazi cha 10. Windows 11 inazipokea rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, pamoja na chache mno za kizazi cha 7. Maana yake i7-6600U, anayoisifia muuzaji kwa sauti kubwa, haimo kwenye orodha, wakati i3-8130U iliyowekwa pembeni kama ya wanafunzi imo.

Jina la mashine nalo halitoshi. EliteBook 840 G3 ni ya kizazi cha 6 na G4 nyingi ni za kizazi cha 7. G5 nyingi ni za kizazi cha 8, lakini zipo G5 zilizotoka kiwandani na prosesa ya kizazi cha 7. ThinkPad T470 iko upande wa zamani wa mpaka huu, na T480 kwa kawaida iko upande wa pili. Soma namba yenyewe kwenye kioo, hata kama stika ya nje inasema vingine, maana stika hubandikwa na kubanduliwa.

Kuna mitego miwili kwenye mashine za kiwandani pia. Wa kwanza ni zile zinazouzwa na DOS, yaani bila Windows yoyote. Bei yake huvutia, lakini Windows 11 Home inauzwa dola 139 kwa bei ya Microsoft ya Marekani na Pro dola 199, ambazo kwa shilingi ni zaidi ya laki 3 kwa Home na hukaribia laki 5 kwa Pro. Anayenunua DOS bila nia ya kutumia Linux amenunua nusu ya kompyuta. Mtego wa pili ni zile nyepesi zenye Celeron, RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Windows 11 inakubali kukaa humo, kwa kuwa hicho ndicho kiwango cha chini ilichojiwekea, lakini baada ya sasisho kubwa la kwanza mwenye mashine anaanza kufuta picha za harusi ili apate nafasi. Kwa kazi ya kweli, RAM ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 256 ndipo ninapoanzia.

Kwa nini Microsoft iliweka mpaka huo wa prosesa? Sababu iliyotolewa ni usalama: Windows 11, iliyotoka 5 Oktoba 2021, inadai chipu iitwayo TPM 2.0, ambayo hutunza funguo za siri ndani ya mashine, pamoja na uwezo wa kuzuia programu ovu kujipenyeza kabla mfumo haujaamka. Mtu anaweza kubishana na ukali wa orodha hiyo, na mimi ni mmojawapo, kwa kuwa kompyuta nyingi za kizazi cha 6 na 7 zina TPM 2.0 na bado zimekataliwa. Lakini kubishana hakubadilishi orodha.

Mafundi wameshapata njia ya kuupita mlango huo. Programu ya bure ya Rufus inaandaa fleshi ya Windows 11 isiyouliza habari za TPM wala prosesa, na mashine ya kizazi cha 6 inaipokea vizuri. Kwa kawaida hupata pia viraka vya kila mwezi. Tatizo linakuja mwaka unaofuata. Kila toleo la Windows 11, kwa Home na Pro, huhudumiwa miezi 24 tu: lile la 23H2 lilifikia mwisho 11 Novemba 2025, la 24H2 linaishia 13 Oktoba 2026, na la 25H2 linaishia 12 Oktoba 2027. Mashine inayokubalika huruka yenyewe kwenda toleo jipya. Iliyopitishwa kwa mlango wa nyuma haipewi mruko huo. Lazima mtu aandae tena fleshi kutoka kwenye faili la zaidi ya GB 5 na kuufanya kwa mkono. Kwa kijana wa Arusha mwenye intaneti ya waya hiyo ni kazi ya jioni moja. Kwa muuguzi wa zahanati ya Yaeda Chini ni safari, nauli na bando. Nimefikia uamuzi kwamba njia hii inafaa kwa anayejua kuirudia mwenyewe, na kwamba fundi anayemwekea mteja asiyejua, bila kumwambia kuna safari ya pili, hajamtendea haki.

Hapa ndipo meza ya fundi inapostahili kutazamwa kwa karibu. Mteja anaweka mashine mezani. Fundi anauliza, "Mwalimu, nikupigie Windows gani?" Mwalimu anajibu, "Nipigie iliyo nyepesi, fundi wangu." Fleshi inachomekwa, diski inafutwa, na baada ya saa moja kuna Windows yenye picha nzuri, Office kamili na kila kitu kimefunguliwa kwa kraki, yaani programu ya kuvunja leseni. Wote wawili wameridhika, na hakuna aliyetazama kilichofutwa. Mashine iliyotoka kwenye ofisi ya Ulaya mara nyingi ilikuja na Windows Pro halali. Tangu enzi za Windows 8, ufunguo wa mtengenezaji hukaa ndani ya ubao mkuu wa mashine, na leseni ya kidijitali ya Windows 10 imefungamanishwa na ubao huohuo kwenye kumbukumbu za Microsoft. Ukiweka upya toleo la aina ileile, Pro kwa Pro au Home kwa Home, mashine ikikutana na intaneti hujithibitisha yenyewe bila senti. Na kama ni ya kizazi kinachokubalika, inapanda kwenda Windows 11 bure. Mwalimu amelipa elfu kadhaa ili kitu halali alichokuwa nacho kibadilishwe kwa kisicho halali.

Kujua kama umebadilishiwa si kazi ngumu. Fungua dirisha la amri, andika slmgr /xpr, bonyeza Enter. Ikitokea tarehe ya kumalizika, basi mashine yako imethibitishwa kwa muda, kama zinavyofanya kompyuta za makampuni makubwa ambazo hujithibitisha upya ndani ya kila siku 180. Mtu binafsi wa Katesh hana mkataba wa kampuni kubwa. Kilichofanyika ni kraki. Programu hizo za kraki mara nyingi hudai kinga ya virusi izimwe kwanza, na baadhi ya mafundi huzima na masasisho kabisa ili kraki isivunjike. Mlango umebomolewa ili ufunguo bandia uingie.

Mafundi wengine sasa wanapendekeza Windows 10 LTSC, toleo lenye huduma ya muda mrefu, wakisema hiyo haijafa. Kwa tarehe wana hoja: Enterprise LTSC 2021 inahudumiwa hadi Januari 2027, na ile ya IoT hadi Januari 2032. Ila leseni zake haziuzwi dukani kwa mtu mmojammoja, kwa hiyo inayozunguka kwenye fleshi za mitaani ni kraki ileile iliyovaa joho.

Msomaji anaweza kuuliza kuna ubaya gani kubaki na toleo lililokoma, hasa kwa mtu asiye na siri kubwa. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilisambaa katika nchi nyingi kwa siku chache na kufunga mafaili ya watu kwa kudai fidia. Hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetolewa Machi mwaka huohuo, na kompyuta nyingi zilizoshambuliwa zilikuwa za Windows 7 ambazo hazikuwa zimesasishwa. Huku kwetu virusi husafiri zaidi kwa fleshi. Mwanafunzi anakwenda stesheneri kuchapa ripoti ya mafunzo kwa vitendo, anarudi na folda zilizogeuka kuwa vinjia vya mkato, na ndani ya wiki ofisi nzima imeambukizwa. Kinga ya Microsoft Defender itaendelea kupokea orodha za virusi vipya kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2028, na wengine wanaitumia kama sababu ya kutulia. Orodha ya virusi humtambua mwizi anayejulikana. Haizibi dirisha lililovunjika.

Athari nyingine ni ya polepole lakini humfikia kila mtumishi wa umma. Kazi za serikali zimehamia kwenye kivinjari. Mtumishi anaomba likizo na kujaza utendaji wake kupitia ESS, hospitali zinatumia GoT-HoMIS, vituo vya afya na shule vinafunga hesabu kwenye FFARS, na manunuzi yako NeST. Hakuna hata mmoja kati ya mifumo hiyo unaojali kama una Windows au Linux. Unachohitaji ni kivinjari cha kisasa, na kivinjari hufuata umri wa mfumo endeshi. Huduma ya Windows 7 iliisha 14 Januari 2020. Ilipofika Februari 2023, Chrome 110 ikakataa kuwekwa juu yake, na 109 ikabaki ya mwisho. Yeyote aliyebaki huko anavinjari kwa chombo cha zamani, na siku moja ukurasa wa mshahara utagoma kufunguka wakati dirisha la maombi linafungwa saa sita usiku.

Masasisho yenyewe ni gharama, na hili wanaoandika miongozo kutoka miji mikubwa hulisahau. Sasisho la mwezi la Windows 11 huweza kufika mamia ya MB na wakati mwingine kupita GB 1. Mtu anayegawa intaneti kutoka kwenye simu yake pale Basotu anaona bando la wiki limeisha asubuhi, anaapa kutosasisha tena. Kuna dawa ya katikati. Katika mipangilio ya Wi-Fi, Windows 10 na 11 zote zina swichi ya kuiambia mashine kwamba intaneti hii inalipiwa kwa kipimo. Ukiiwasha, mashine huacha kupakua vitu vingi vizito hadi utakapoiruhusu. Masasisho pia yanaweza kusimamishwa hadi wiki tano kwa mkupuo, kisha yakashushwa usiku mmoja kwa bando la usiku. Shule au ofisi yenye kompyuta kadhaa kwenye mtandao mmoja inaweza kuwasha kipengele kinachoziwezesha kugawana sasisho: moja inapakua, nyingine zinachukua kwake. Na betri ikaguliwe kabla ya kununua, kwa sababu mashine yenye betri iliyokufa, umeme ukikatika katikati ya sasisho, inaweza isiamke.

Windows 11 imeleta jambo jingine ambalo sijasikia likizungumzwa vya kutosha. Home hudai intaneti na akaunti ya Microsoft wakati wa kuanzishwa, na tangu 24H2 mashine nyingi zinazoanzishwa upya hujifungia diski kwa usimbaji zenyewe. Ufunguo wa dharura wa kufungulia diski hiyo hutunzwa kwenye akaunti ya kwanza iliyotumika. Fundi wa Arusha, kwa wema tu, akikuanzishia mashine kwa barua pepe yake ili akuharakishie, ufunguo wa mafaili yako umekwenda kwake. Siku BIOS ikibadilishwa au ubao ukitengenezwa, mashine inaomba tarakimu 48, na wewe huna hata namba ya simu ya yule kijana. Anzisha mashine kwa barua pepe yako mwenyewe, andika tarakimu hizo kwenye karatasi, ziweke pamoja na vyeti vya shule. Na mafaili yawe na nakala nje ya nyumba. Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang vilipoporomoka juu ya Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Kompyuta ni kitu kidogo mbele ya msiba ule. Lakini familia na ofisi zilizobaki zilihitaji hati, vyeti na hesabu ili kuanza tena, na fleshi iliyo kwenye droo moja na kompyuta hupotea pamoja nayo.

Sasa Linux, ambayo wengi huiogopa bila kuiona. Tanzania si mgeni kwenye programu huria: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi wa Kilinux, na mwaka 2004 ukatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Leo Linux Mint 22, iliyojengwa juu ya Ubuntu 24.04, inahudumiwa hadi 2029, haidai TPM, na toleo lake la Xfce linakwenda vizuri kwenye EliteBook 840 G3 yenye RAM ya GB 4. Faili lake la kuiweka ni takriban GB 3. Masasisho yake yanakuja unapoyaruhusu wewe. Ukichagua Ubuntu, chukua la LTS, linalotoka kila baada ya miaka miwili mwezi Aprili na kuhudumiwa miaka mitano. Yale ya katikati huhudumiwa miezi tisa tu na hayafai kwa mtu wa mbali na mji.

Kwa mwalimu ambaye kazi yake ni kivinjari, maandishi na majedwali, Mint pamoja na LibreOffice inatosha kabisa. Kwa mwenye stesheneri sivyo. Kadi za harusi, vipeperushi vya mikutano ya injili na ratiba za mazishi zimejaa kwenye mafaili ya Publisher, na Publisher haifanyi kazi kwenye Linux. Microsoft imetangaza kuachana na Publisher Oktoba 2026, kwa hiyo hata aliyebaki Windows aanze kuhamisha kazi zake zigeuke PDF au Word mapema. Printa pia zikaguliwe kabla ya kuhama: Epson za wino wa chupa, zilizojaa mitaani, kwa kawaida zina draiva za Linux, lakini baadhi ya mashine za kopi za zamani husumbua. Na kuna swali la jirani. Windows ikiharibika Haydom, kuna wa kuitengeneza siku hiyohiyo. Linux ikiharibika, huenda anayeijua ni mwanafunzi aliyerudi likizo. Ningewashauri wawili wanaokaa karibu wahamie pamoja.

Jambo moja ni sawa kwa wote, na linawagusa wanaoandika Kiiraqw. Lugha hiyo hutumia alama ya mkwaju kama herufi, kwa hiyo kibodi yoyote inatosha. Lakini si Windows wala Linux inayokubali mkwaju ndani ya jina la faili. Anayekusanya hadithi za wazee achague mapema alama mbadala kwa ajili ya majina ya mafaili, na aitumie ileile siku zote.

Kuhusu MacBook za zamani na Chromebook za bei ya chini, sina mengi. Kila Chromebook ina tarehe yake ya mwisho wa masasisho, nyingi za mitumba zimeshaipita, na bila intaneti ya kudumu si chombo cha Yaeda. MacBook zenye prosesa za Intel ziko mwishoni mwa njia, kwa sababu Apple imetangaza kwamba macOS Tahoe ya 2025 ni ya mwisho kwazo.

Kwa hiyo mwenye fedha ya kununua leo anunue kizazi cha 8 au zaidi, akae na leseni iliyokuja na mashine, aweke Windows 11 toleo jipya kabisa linalotolewa. Aliye na kizazi cha 6 au 7 asiitupe: ama aiandikishe kwenye mpango wa nyongeza wa Windows 10, ambao Microsoft inautoa bila malipo kwa anayehifadhi mipangilio yake kwenye akaunti yake au kwa dola 30, ama aweke Mint sasa akiwa na muda wa kuizoea.

Wenye nguvu kubwa zaidi katika hili ni wanaonunua kwa wingi. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umekuwa ukigawa kompyuta kwa shule za umma, na Halmashauri ya Mji wa Mbulu, ya Wilaya ya Mbulu na ya Hanang hununua za kata, shule na zahanati kupitia NeST. Zabuni ikisema "Core i5, RAM GB 8" tu, mzabuni anaweza kuleta mashine ya kizazi cha 6 na akawa hajavunja sharti lolote. Ikisema kizazi cha 8 au zaidi, TPM 2.0, SSD, betri iliyopimwa na leseni halali ya Windows 11 Pro, mashine hiyo inakataliwa getini kabla haijapakuliwa kwenye gari.